Orodha ya Simu ya Gordon Ooko

"Mama Kiilu, hii uliyonipigia chapa si orodha. Hii ni githeri, mahindi na maharagwe yote sufuria moja!"

Gordon Ooko alisema hivyo akiwa bado mlangoni. Hata salamu hakutoa, na watu wanne walikuwa kwenye foleni. Akaingia na fimbo yake nyeupe, akaipapasa meza yangu, akabwaga juu yake bunda la karatasi nene zilizojaa nukta za breli.

"Githeri si chakula cha kwenu," nikamwambia. "Umeijulia wapi?"

"Nimekaa Kaloleni miaka ishirini na mbili, nimelishwa kila kitu. Tulia unisikilize." Akaweka vidole viwili juu ya karatasi ya kwanza, akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya swichibodi, ya mpokea simu wa ofisi, nyororo kama ya mtangazaji wa redio. "'Wathome, Mhandisi Msaidizi wa, alama, nne, mia mbili kumi na nne, Matengenezo ya Mitambo, Muthoki, Karani, alama alama, mia mbili kumi na tano.' Haya. Muthoki ni karani, au ni mtambo unaotengenezwa?"

Foleni ikacheka. Kijana mmoja aliyeleta barua ya kuomba kazi akasema, "Mathe, hapo amekupata."

"Wewe ngoja zamu yako," nikamwambia. Nikaivuta nakala yangu ya karatasi ya kawaida kutoka kwenye faili, nikaikagua. Majina yalisimama upande wa kushoto, wima kama askari. Vyeo vikafuata, halafu idara, ghorofa, na namba za simu upande wa kulia kabisa. Kila kitu kilikuwa kimenyooka.

"Baba Clare, kazi yangu ni safi. Makosa ni ya hiyo mashine yenu ya breli."

"Mashine inatoa ulichoitia."

"Mimi napiga chapa tangu mwaka wa sabini na tisa! Mashine yenu imezaliwa juzi."

"Basi kazi ya tangu sabini na tisa ndiyo itanifukuzisha kazi Jumatatu ile baada ya hii ijayo," akasema. "Namba mia moja themanini na sita, Mama Kiilu. Siku kumi na moja. Nikishindwa kuzisoma wataweka mtu mwenye macho kwenye kiti changu, na mimi nitarudi kijijini kwetu Gem nikalime mihogo kwa kupapasa."

Hapo nilipaswa kunyamaza. Lakini alikuwa amenitukania kazi mbele ya wateja, nami mdomo wangu haujui kukaa na deni. Nikamwambia, "Kama macho hayaoni, angalau ulimi uwe na breki."

Gordon akakusanya karatasi zake moja moja, akazigonga mezani zikalingana.

"Macho yalikufa nikiwa na miaka saba," akasema. "Ulimi ndio unaolisha nyumba yangu. Nikiutia breki tutalala njaa."

Akatoka, akigonga kizingiti kwa fimbo, wala hakugusa ukuta.

Nitaeleza mtu huyu ni nani, kwa sababu wanaopita dukani kwangu hapa Makongeni humwona ni mzee kipofu mwenye tai, basi wanaishia hapo.

Surua ndiyo iliyompofusha. Ilipita kijijini kwao, ikachukua watoto wawili, ikachukua na macho yake. Mjomba wake akampeleka shule ya bweni ya wasioona. Huko alijifunza breli, kufuma viti, na mwishowe kazi ya simu. Alikuja Nairobi mwaka wa sabini na sita, akaajiriwa katika ofisi moja kubwa ya mjini yenye ghorofa saba, akakalishwa kwenye swichibodi. Hajawahi kukalia kiti kingine. Huenda kazini kwa miguu, akifuata Jogoo Road, na ukimshika kiwiko umsaidie kuvuka barabara bila kumuuliza, atakuambia, "Mimi si mkokoteni."

Suti zake huzinunua sokoni Gikomba, na wauza mitumba wanamwogopa kuliko askari wa kanjo wa jiji. Huingiza mkono ndani ya koti, akafuata mshono wa bitana kwa kidole gumba mpaka chini, kisha akasema, "Hapa palichomwa na pasi." Na kweli palichomwa. Siku moja nilikuwa hapo mwenyewe, muuzaji akajaribu kumpa suruali ya suti moja na koti la nyingine.

"Rangi ni moja, mzee, naapa!"

"Rangi siijui," Gordon akamjibu. "Lakini hawa wawili hawakuzaliwa na mama mmoja."

Kazini alijua namba zote tisini za zamani kwa kichwa. Alijua na sauti. Mtu akiinua simu na kusema "halo" tu, Gordon alijua ni nani, yuko ghorofa gani, na kama amelala vizuri. Watu wa nje walipopiga simu hawakutaja majina. Walisema, "Nipe stoo," au, "Nipe wale wa michoro," naye akawaunganisha kabla hawajamaliza kukohoa.

Halafu mwaka huo wa tisini na nane wakaleta mtambo mpya wa simu. Namba tisini zikawa mia moja themanini na sita, na hakuna hata moja iliyobaki kama ilivyokuwa. Ulikuwa wakati wa kupunguza watu, kila ofisi ilikuwa ikitafuta wa kumpunguza. Msimamizi wa utawala, mtu anayeitwa Javan, si mtu mbaya, alimwambia Gordon waziwazi: mtambo mpya utafunguliwa Jumatatu fulani, siku hiyo atapimwa mbele ya meneja, na akikwama, basi. Akampa orodha ya kurasa tano, nakala ya fotokopi. Gordon akaniletea niipige kwenye kompyuta, niitie kwenye disketi, aipeleke Shauri Moyo kwenye kituo ambako kuna mashine ya kuchapa breli. Alikuwa amelipa kila kitu mapema. Kwa hivyo haki ya kupiga kelele alikuwa nayo.

Usiku huo nililala vizuri tu. Kesho yake asubuhi ndiyo nilianza kuwashwa. Si huruma, nisiseme uongo. Nilitaka kuthibitisha kwamba mashine ndiyo yenye makosa. Nikafunga duka saa nne, nikatia disketi kwenye mkoba, nikaenda Shauri Moyo.

Kituo chenyewe ni chumba kimoja nyuma ya kanisa. Ndani kulikuwa na msichana wa Eastleigh anayeitwa Qali, mwenye buibui na miwani mikubwa, na mashine iliyokuwa ikipiga kelele kama posho mill ya kusaga mahindi.

"Wewe ndiye uliyepiga orodha ya Mzee Ooko?" akaniuliza.

"Ndiye mimi. Na imenyooka."

"Keti, mama. Nikuonyeshe."

Akaitia disketi yangu kwenye kompyuta yake, akabonyeza mahali fulani, na kioo kizima kikajaa vitone, kama mtu amemwaga mchele. Kila nafasi tupu niliyoacha katikati ya jina na namba ilikuwa kitone. Vitone kumi na tano hapa, ishirini na viwili pale.

"Hivi ndivyo ulivyotengeneza safu zako?" akauliza Qali. "Kwa kubonyeza nafasi, nafasi, nafasi?"

"Ndivyo tulivyofundishwa."

Na kweli ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nilimaliza darasa la saba, nikajifunza taipu jioni kwenye chumba kimoja karibu na soko la Burma, na mwalimu wetu alikuwa na rula. Jedwali lilikuwa mtihani wa mwisho. Unahesabu herufi, unagawa kwa mbili, unasukuma taipu mpaka mahali pake, halafu unachora mistari kwa kalamu. Safu ikipinda, rula inakushukia vidoleni. Nilipopata kompyuta nikaitumia kama taipu yenye kioo.

"Jicho lako linashuka chini," Qali akasema. "Linaona majina yote pamoja, namba zote pamoja. Mashine haina jicho. Inaanza kushoto, inakwenda kulia mpaka mwisho wa mstari, inashuka, inaanza tena kushoto. Cheo cha Wathome kilikuwa kirefu, ukakikata, nusu yake ukaiweka mstari wa chini. Kwa hiyo mashine imesoma nusu ya cheo, ikasoma idara, ikasoma ghorofa, ikasoma namba, ndipo ikafika nusu ya pili. Imefuata ulivyoandika."

"Lakini ukitazama..."

"Mama, Mzee Ooko hatazami."

Nikavuta kiti karibu na kioo, nikamwambia anifundishe. Wanaonijua watakuambia hilo si jambo dogo.

Qali akanifundisha. Kompyuta yangu mwenyewe ilikuwa na amri ya kutengeneza jedwali, iko pale juu siku zote, sikuwahi kuigusa. Unaiambia unataka safu ngapi na mistari mingapi, inakupa visanduku. Jina linakaa kwenye kisanduku chake. Cheo kikiwa kirefu kinajikunja humohumo ndani, hakimwagiki kwa jirani. Mstari wa kwanza kabisa unaweka vichwa: jina, cheo, idara, ghorofa, namba. Unaiambia kompyuta kwamba huo ndio mstari wa vichwa, ili kila ukurasa mpya ujulikane unasema nini.

"Kisanduku kisibaki kitupu," akasema. "Kama mtu hana cheo, andika hana. Kidole kikikuta utupu hakijui kama hakuna kitu au kimepotea njia. Usiunganishe visanduku viwili kuwa kimoja ili kupendezesha. Na hivi, tafadhali." Akaweka kidole juu ya vile vialama viwili vidogo vya dito, ambavyo makarani huweka kumaanisha 'kama hapo juu'. "Hivi viondoe vyote."

"Vyote? Orodha yenyewe imejaa dito. Idara inaandikwa mara moja, halafu dito mpaka chini."

"Juu ni wapi, kwa mtu anayesoma kwa kidole? Arudi mistari tisa nyuma kutafuta, huku mtu anangoja kwenye simu? Kila mstari ujitegemee. Ukiukata peke yake ukaupeleka Mombasa, uwe bado unaeleweka."

Kisha akanifanyia kitu ambacho sikukipenda. Aliniambia nifumbe macho, akanisomea orodha yangu jinsi mashine inavyoisoma, bila kupumzika. Mstari wa tatu nilikuwa nimeshapotea.

"Ukimaliza kila jedwali, jisomee hivyo kwa sauti," akasema. "Ukipotea wewe, na yeye amepotea."

Nilirudi Makongeni nikaanza upya. Siku tatu, kati ya wateja, nikijaza visanduku. Nilipopata dito niliangalia juu, nikaandika idara yenyewe. Stoo, Stoo, Stoo. Michoro, Michoro. Jumatano nikamtumia Gordon ujumbe kupitia kwa mkewe, Anyango, anayepika kwenye nasari ya watoto ya kanisa: mwambie mzee aje achukue githeri iliyochaguliwa.

Alikuja akasimama mlangoni. "Hodi."

"Leo umekumbuka hodi? Karibu, Baba Clare."

Nikamsomea ukurasa mmoja jinsi Qali alivyonisomea, kisanduku kwa kisanduku. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza hakusifu. Alisema tu, "Endelea," nami nikamsomea mwingine.

Nilikuwa na disketi moja nzuri, ya bluu, isiyogoma. Zile nyingine zilikuwa zikikataa kusomwa siku mbili kati ya tatu. Nikamtilia orodha kwenye hiyo ya bluu. Nikamwambia, "Hii ni mkopo. Qali akimaliza, irudi kwangu."

"Itarudi. Mimi si mtu wa kula disketi."

Ijumaa Qali akamchapia, na Jumamosi asubuhi Gordon akaingia kazini na breli mpya chini ya kwapa. Mtambo mpya ulikuwa umeshafungwa, ukisubiri tu Jumatatu, na namba za ndani zilikuwa zikifanya kazi. Ofisi hufunga saa saba Jumamosi. Mtu mwingine angekaa akariri. Yeye alianza namba ya kwanza akazipiga zote moja moja, akisoma kwa kidole cha kushoto, akibonyeza kwa kulia. "Stoo?" "Stoo." Asante, anayefuata.

Saa nane alikuwa dukani kwangu, jasho limelowesha kola. Nilikuwa nikijiandaa kufunga.

"Namba mia mbili thelathini na moja ni ya nani?" akauliza.

Nikaangalia. "Kavindu. Idara ya Stoo, ghorofa ya kwanza."

"Nimepiga nikasema, stoo? Kavindu akacheka, akasema, Ooko, umeanza kuzeeka? Mimi ni wa Michoro, ghorofa ya sita. Na aliyemfuata vilevile. Na aliyemfuata. Watu kumi na mmoja, Mama Kiilu, umewashusha ghorofa tano bila lifti."

"Haiwezekani. Nimefuata karatasi."

"Umefuata, au ulikisia?"

Nikazitoa zile fotokopi tano nikazitandaza mezani. Hazikuwa na namba za ukurasa. Ukurasa mmoja ulianza juu kabisa na jina la Kavindu, na mbele yake, kwenye idara na ghorofa, dito. Dito mstari wa kwanza wa ukurasa! Kama hapo juu, na hapo juu hakuna kitu ila ukingo wa karatasi. Maana yake ilikuwa kwenye ukurasa uliotangulia. Nikaangalia ukurasa niliokuwa nimeutanguliza kabla yake: uliisha na Stoo. Nikachukua ule mwingine: uliisha na Michoro, ghorofa ya sita.

Wiki mbili nyuma upepo ulizipeperusha karatasi hizo mlango ulipofunguliwa. Niliziokota. Ukurasa wa nne niliuweka kabla ya wa tatu. Nyingine zilianza na jina la idara mpya, zikaponea hapo.

Ningeweza kusema ni makosa ya aliyeandika orodha bila namba za kurasa. Na ni makosa yake pia. Lakini aliyejaza visanduku ni mimi, na nilipofika pale juu nilisita, nakumbuka vizuri, kisha nikajiambia, si ni Stoo tu, nikaendelea.

"Nilikisia," nikasema.

Gordon akavuta kiti, akakaa.

"Qali amefunga saa saba," akasema. "Jumapili hafungui. Jumatatu saa mbili niko mbele ya meneja. Na simu nyingi asubuhi ni za Stoo na Michoro. Hizo ndizo wataniulizia kwanza."

Nikasema twende Eastleigh tumtafute Qali nyumbani. Akauliza nyumbani ni wapi, sikujua. Nikasema akariri hao kumi na mmoja. Akasema anaweza kukariri, lakini mtu akikaa mbele ya meneja na karatasi anayojua ina uongo ndani, kidole kinatetemeka hata kwenye ukweli.

Kisha akachukua bunda la breli, akaanza kulipitia harakaharaka, si kwa kusoma bali kama mtu anayekagua kitambaa.

"Kila mstari unajitegemea," akasema. "Sivyo?"

"Ndivyo. Hakuna dito hata moja."

"Kavindu hategemei aliye juu yake, na aliye chini hamtegemei Kavindu."

"Hapana. Kila mtu na kisanduku chake."

"Basi hakuna haja ya kuchapa kurasa zote. Hawa kumi na mmoja tunawatoa, tunaweka wengine mahali pao. Ingekuwa ile ya dito, ningegusa mmoja ukurasa mzima ungeanguka." Akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kibao chake cha breli, cha chuma, chenye mashimo madogo, na sindano yenye kishikio cha mti. "Soma. Polepole. Jina, cheo, idara, ghorofa, namba. Na Mama Kiilu, safari hii usikisie hata kikohozi."

Nikafunga mlango wa duka tukabaki ndani. Nilisoma kutoka kwenye fotokopi, baada ya kuzitia kurasa namba kwa kalamu nyekundu. Yeye alitoboa. Breli ya mkono huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kinyumenyume, ili karatasi ikigeuzwa nukta zisomeke kutoka kushoto. Nilimtazama nikaona kizunguzungu. Tak, tak, tak. Kila mstari alipoumaliza aliugeuza, akaupitisha kidole, akanirudishia kwa sauti, nami nikalinganisha.

"Kavindu, Mchoraji Mkuu, Michoro, sita, mia mbili thelathini na moja."

"Sawa."

"Khavere, hana cheo, Michoro, sita, mia mbili thelathini na mbili. Huyu Khavere hana cheo kweli? Miaka tisa kazini?"

"Karatasi imeacha wazi. Nimeandika hana."

"Nitamwambia Jumatatu. Atalia."

Anyango alikuja kumtafuta akatukuta hivyo. Alituangalia, akaangalia mlango uliofungwa, akasema, "Nyinyi wawili mlikuwa mmegombana wiki jana, au niliota?"

"Tunagombana bado," Gordon akasema. "Tumepumzika tu tuandike."

Kwa vile ukurasa mbaya ulianza na hao kumi na mmoja, alikata sehemu ile ya juu kwa wembe wangu, akaunganisha karatasi mpya kwa gundi upande wa nyuma, akaikandamiza chini ya kamusi mpaka ikakauka. Ukipitisha kidole unahisi ukingo. Alisema ukingo huo utamsaidia kujua amefika Michoro.

Ya Jumatatu sikuyaona. Nayaandika kama alivyonieleza, na kama Anyango alivyoyasikia kwa mke wa Javan kanisani, na habari hizo mbili zililingana. Meneja alisimama nyuma ya kiti chake, Javan pembeni na orodha. Javan alitaja majina na idara ishirini, ovyo, bila mpangilio. Gordon aliweka mkono kwenye breli, akatafuta, akabonyeza, simu ikalia mahali pake. Stoo ilikuwa ya pili. Michoro ya tano, na hapo alisema kidole kilienda moja kwa moja. Kumi na tisa alipata. Moja alikosa: aliulizwa Mutunga, akampata Mutunga wa Usafiri, kumbe aliyetakiwa ni Mutunga wa Ukaguzi.

"Ungesema Mutunga yupi," Gordon akamwambia Javan.

Meneja akauliza, "Ukitajiwa Mutunga na mtu wa nje, utafanyaje?"

"Nitamuuliza yupi, bwana. Lakini leo mimi ndiye niliyekuwa nikiulizwa."

Meneja akaguna, akasema sawa, aendelee na kazi. Basi. Hawakumpigia makofi, wala mshahara haukuongezwa. Saa mbili na nusu simu za nje zilifunguliwa, akaanza kusema "halo" kama siku zote. Msichana aliyekuwa ameitwa aje kushika kiti akapelekwa mapokezi, na nasikia yuko huko mpaka leo, wanaelewana na Gordon vizuri.

Mimi nikarudi kwenye barua zangu za kuomba kazi na kadi za mwaliko. Tangu hapo mtu akiniletea jedwali natengeneza visanduku, hata kama msomaji wake ana macho manne. Dito nimeikataa dukani. Wateja wanalalamika nakula karatasi bure, nawaambia waende kwingine.

Disketi yangu ya bluu haikurudi. Aprili ikapita, Mei ikapita. Nilimwuliza Anyango, akasema iko, mzee ameifunga kwenye soksi ya binti yao Clare isiingie vumbi. Nikamwambia soksi si mahali pa disketi. Juni nikamwona mwenyewe akipita, nikapaza sauti kutoka mlangoni, "Baba Clare! Kuna kitu changu kwako!" Akainua fimbo kunisalimu, akasema, "Najua, najua, wiki hii," akapita.

Ilikuwa mwisho wa Julai alipokuja, Jumamosi mchana, na hodi yake. Akaweka mezani soksi ya mtoto ya rangi ya waridi. Disketi ilikuwa ndani.

"Deni lako," akasema. "Nisamehe nimechelewa."

"Umechelewa miezi minne. Qali alikuwa ameimaliza siku moja."

"Nilikuwa naogopa kuitoa. Kila mwezi wanahamisha watu. Nilijiambia, wakizidi kuhama nitahitaji orodha upya, na hii ndiyo inayo." Akatoa karatasi mfukoni, iliyochapwa na ofisi yao. "Sasa wamehama sita. Javan amesema nikuletee."

Niliitazama karatasi. Watu sita, na kila mmoja ameandikwa kamili: jina, cheo, idara, ghorofa, namba. Hakuna dito. Kurasa zilikuwa mbili, na chini ya kila moja, namba yake.

"Nani aliandika hivi?"

"Javan. Nilimsomea ile ya zamani jinsi Qali anavyosoma. Mara moja tu."

Nikaitia disketi kwenye kompyuta. Ikasomeka bila kugoma. Nikafungua jedwali, nikawatafuta wale sita, nikabadilisha mistari yao, na wengine mia moja themanini sikuwagusa. Nikamsomea kwa sauti, akasema sawa, sawa, huyo ongeza 'Mkuu' wamempandisha, sawa. Nikaihifadhi, nikaitoa, nikairudisha ndani ya soksi, nikaisukuma kwake.

"Nini tena?" akauliza, mkono juu yake.

"Ikae kwako. Watahama wengine."

"Mama Kiilu, ni disketi yako nzuri."

"Nimesema ikae. Sikudai tena."

Akaipapasa kidogo, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo. Nikamwambia akitoka avute mlango, upepo usinipeperushie karatasi zangu tena.